Bwawa, Lambo na Tuta: Istilahi za Kazi za Kuzuia Maji na Hifadhi ya Historia

1. Madhumuni

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza majina ambayo Kiswahili kimeyapa majengo ya kuzuia, kuvunja na kuongoza maji, na kuonyesha jinsi majina hayo yanavyohusiana na hifadhi ya historia ya taifa letu. Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo hili kuwa dogo. Hata hivyo mfasiri wa sheria, mwalimu wa historia na afisa wa wilaya hukutana nalo, kila mmoja kwa njia yake. Mfasiri hutafuta neno la kuweka katika kifungu. Mwalimu hutafuta neno la kumweleza mwanafunzi kazi iliyofanywa na babu zake. Afisa huandika orodha ya mali zilizomo wilayani mwake. Wote watatu wakitumia neno moja lisilotenganisha maji na kile kinachoyazuia, kosa la istilahi hugeuka kuwa kosa la utawala.

Hoja yetu ni hii: jengo lisilo na jina lake katika lugha ya sheria ni vigumu kutangazwa kuwa urithi, na jengo lisilotangazwa hubomolewa bila mtu yeyote kuulizwa. Mfano tutakaoutumia unatoka Usukuma ya mashariki, yaani nchi ya Bariadi na Itilima ambamo Zagayu imo. Huko kazi za kuzuia maji za enzi ya ukoloni ni sehemu kubwa ya historia ya makazi ya watu, na huko ndiko Kiswahili kilikopata mojawapo ya maneno yanayofaa zaidi kuieleza kazi hiyo.

2. Maneno tuliyo nayo

Kiswahili si maskini wa maneno ya maji. Watu wa pwani wana diko, mahali pa kupandisha vyombo. Wana gati, neno lenye asili ya Bara Hindi, ambako hutaja ngazi za kuteremkia mtoni. Wana bandari kutoka Kiajemi na forodha kutoka Kiarabu. Maneno haya yote hutaja mahali ambapo binadamu hukutana na maji kwa safari na biashara. Tukiacha biashara na kuingia katika mapambano baina ya binadamu na nguvu za maji, maneno hupungua, na yaliyopo hubebeshwa mizigo mingi.

Tuchukue neno bwawa. Kwa asili bwawa ni maji yaliyotuama, hata kama hayakuzuiwa na mtu. Siku hizi neno hilohilo hutumika kwa Nyumba ya Mungu na Kidatu, yaani kwa kazi kubwa za uhandisi. Mtu akisema kwamba bwawa limejaa, anataja maji. Akisema kwamba bwawa limebomoka, anataja ukuta. Katika mazungumzo hakuna tatizo, kwani kitenzi humwongoza msikilizaji. Katika sheria, katika mkataba au katika orodha ya urithi, kitenzi hicho hakipo. Jina husimama peke yake.

Tuta nalo lina mizigo yake. Ni udongo ulioinuliwa, uwe wa kupandia viazi, wa kupitisha reli au wa kuzuia mto. Ukingo ni ukando wa mto wenyewe, nao huwapo hata pasipo kazi ya mkono. Ukuta huleta mawazo ya mawe, matofali au saruji, na haumfai sana mtu anayetaka kutaja kilima kirefu cha udongo ulioshindiliwa.

Kwa jengo linaloingizwa baharini ili kutuliza mawimbi, wafasiri wengine wametumia kivunjamawimbi, na wengine wameeleza kwa maneno mengi. Inafaa tukumbuke kwamba hata lugha za Ulaya hazikubaliani hapa. Neno la Kiingereza husema kwamba jengo hilo huvunja maji. Maneno ya Kijerumani na Kifaransa husema kwamba huvunja mawimbi. Mwenye kutafsiri Kiingereza neno kwa neno atapata jina linaloonekana kufaa popote penye maji, hata mtoni. Lakini mtoni adui mkuu ni mkondo. Jengo la mawe au magogo linalosukumwa kutoka ukingoni kuelekea katikati ya mto huugeuza mkondo, likaukinga ukingo usiliwe na likaupeleka mchanga mahali pengine. Kazi hiyo yastahili jina lake.

3. Kwa nini tuitazame bara

Mtu anayetafuta vivunjamawimbi vikubwa vya mwanzo wa ukoloni katika Tanzania atapata vichache, na sababu yake ni ya kijiografia. Dar es Salaam, ambako Sayyid Majid alianza kujenga katika miaka ya 1860 na ambako Wajerumani walihamishia makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, ina hori lililofunikwa na nchi kavu. Maumbile yenyewe yamevunja mawimbi kabla ya mhandisi kufika. Tanga vilevile ina ghuba iliyokingwa. Pangani, mji wa kale uliopo mlangoni mwa mto na uliokuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya upinzani wa Abushiri bin Salim mwaka 1888, ulikuwa na fungu la mchanga lililozuia meli kubwa. Reli ya Usambara ilipoanza kujengwa mwaka 1893, ilianzia Tanga, na biashara ikaufuata mwelekeo wa reli.

Kwa hiyo mkoloni katika nchi hii hakulazimika sana kupigana na bahari. Mapambano makubwa na maji yalikuwa bara, tena yalikuwa ya namna nyingine: kuyakamata maji ya msimu yasipotee. Ndiyo maana historia ya kazi za kuzuia maji, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kwa udongo katika mabonde ya Shinyanga, Maswa, Kwimba na Bariadi kuliko kwa mawe ya ufukweni.

4. Malambo ya Usukuma

Zagayu ni kata ya Wilaya ya Itilima. Kabla ya mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipoundwa, eneo hilo lilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Na kabla ya Bariadi kuwa wilaya, nchi yote hiyo ilitawaliwa kutoka Maswa. Mto mkuu wa eneo hili ni Simiyu, ambao humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Stanley, aliyefika ziwani mwaka 1875, aliuhesabu kuwa chemchemi ya kusini kabisa ya Mto Nili. Pamoja na heshima hiyo, Simiyu na vijito vyake ni mito ya msimu. Wakati wa masika hupita kwa kishindo. Wakati wa kiangazi hubaki mchanga, na watu huchimba visima katika mchanga huo wakafuata maji yaliyojificha.

Wasukuma waliijua nchi yao vizuri kabla ya mtaalamu yeyote kuja na vipimo. Waliutenganisha udongo kwa majina: luseni, udongo wa kichanga wa juu, itogolo, udongo mgumu wa mteremko, mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka jua likiwaka. Wataalamu wa kilimo wa enzi ya Waingereza waliyachukua majina haya na kuyaandika katika vitabu vyao, kwa kuwa hawakupata mengine yaliyo bora. Kadhalika mahali pa kukusanyia maji ya mvua paliitwa ilambo, kwa wingi malambo. Kiswahili cha Tanzania kimelipokea neno hili likawa lambo, kama kilivyolipokea neno ikulu kutoka upande huohuo wa nchi.

Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Watawala waliona kwamba sehemu za katikati zimejaa watu na mifugo na kwamba udongo unachoka. Walitaka watu wahamie sehemu zilizo wazi, zikiwamo za Geita na za mashariki ya Maswa. Pori la mbung'o lilikuwa limeanza kufyekwa tangu miaka ya 1920, wakati Swynnerton alipoongoza kazi hiyo Shinyanga kwa kutumia nguvu za umma wa Wasukuma chini ya watemi wao. Lakini kufyeka pori hakukutosha. Mahali pasipo na maji ya kiangazi hapakaliki, na ng'ombe hawapangiwi mipaka kwa karatasi. Lambo likawa ndilo ufunguo wa makazi mapya.

Yafaa tueleze jinsi kazi hii inavyofanywa, maana ndani ya maelezo hayo mna istilahi. Huchaguliwa mahali ambapo bonde hubanwa. Huchimbwa mfereji wa msingi hadi kufikia udongo usiopitisha maji, nao hujazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa, ili maji yasipenye chini. Juu yake hupandishwa tuta, tabaka juu ya tabaka. Upande unaotazama maji hupangwa mawe, kwa kuwa katika nchi ya wazi upepo huinua mawimbi madogo ambayo, siku baada ya siku, huula udongo. Hapo msomaji ataona kwamba kivunjamawimbi kimo hata katikati ya Usukuma, mbali na bahari. Pembeni mwa tuta huachwa njia ya kutolea maji yanayozidi. Mafundi na maafisa wa maji huiita utoro wa maji, jina zuri lililotokana na kutoroka. Lambo lisilo na utoro wa kutosha laweza kufa kwa usiku mmoja: maji hupanda juu ya tuta, hukata mfereji mdogo, na mfereji huo hupanuka hadi tuta lote likaondoka. Lambo lenye utoro mzuri hufa polepole kwa kujaa tope, hasa kama mlima ulio juu yake umelimwa bila kinga na ng'ombe wanashuka kunywa popote wapendapo. Kwa sababu hiyo huwekwa birika la kunyweshea mifugo nje ya tuta.

Historia ya Mpango huo si ya sifa tupu. Uliambatana na amri nyingi: kulima kwa matuta yaliyofungwa kwa vizuizi, kutia samadi, kupunguza mifugo. Amri hizo zilipitishwa kwa watemi na wanangwa, na aliyezivunja alitozwa faini. Upinzani ulikua katika miaka ya 1950, ukaungana na harakati za vyama vya ushirika na za siasa, hata mwaka 1958 Geita ikachafuka. Hapa neno tuta lina kumbukumbu mbili katika nchi moja. Kuna tuta la lambo, lililoleta maji; na kuna tuta la shamba, lililoletwa kwa amri. Mwalimu wa historia anayesoma taarifa ya zamani na kukuta neno hilo lazima aulize ni lipi linalotajwa, la sivyo atamfundisha mwanafunzi kwamba watu walikataa maji.

Mabaki ya kazi hizo, basi, ni ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: ustadi na nguvu za waliozifanya, na utawala uliowaamuru. Nyaraka zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu zake zimo katika Kisukuma cha wazee. Kiswahili ndipo mahali ambapo nyaraka na kumbukumbu hizo zinaweza kukutana, mradi kiwe na maneno ya kuzipokea.

5. Sheria na mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1937. Ndani yake umewekwa mpaka wa wakati, nao ni mwaka 1863. Majengo, ngome, makaburi, mabwawa ya kuzuia maji, kazi za udongo, mahandaki, visima na barabara zilizofanywa na binadamu kabla ya mwaka huo huhesabiwa kuwa makumbusho ya kale kwa nguvu ya sheria yenyewe. Mifereji ya kumwagilia ya Engaruka, ambayo wakulima wake waliiacha kabla ya ukoloni, imo bila shaka yoyote. Kazi zilizofanywa baada ya 1863 hazimo, isipokuwa Waziri mwenye dhamana azitangaze.

Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba kila jengo la enzi ya Wajerumani na Waingereza, kuanzia boma la pwani hadi lambo la Itilima, linahitaji kutajwa kwa tangazo. Tangazo hutaka jina na mipaka. La pili ni kwamba tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, majina hayo yanapaswa kuwa ya Kiswahili. Mfasiri anayekuta katika sheria ya Kiingereza neno linalotaja ukuta unaozuia mto, naye akaandika bwawa pekee, ameuhamisha ulinzi wa sheria kutoka kwenye ukuta kwenda kwenye maji. Lambo lililokauka halina maji. Je, kisheria limekoma kuwapo? Tuta lake lingalipo, na mawe yake yangalipo, ila hayakutajwa.

Shaka hii si ya nadharia tu. Mawe yaliyopangwa usoni mwa tuta ni mazuri kwa misingi ya nyumba, na udongo wake ni mzuri kwa matofali. Aidha mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za mkoa wa Simiyu, uliopata idhini ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ni neema kwa wananchi, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka mama achote maji ya tope kwa ajili ya historia. Lakini bomba linapofika, lambo hupoteza walinzi wake. Kitu kilichotunzwa kwa sababu ya manufaa hubaki kutegemea sheria peke yake.

6. Mfano kutoka nje

Nchi nyingine zimekutana na swali hili. Huko Newcastle, Australia, mlangoni mwa Mto Hunter, Gavana Macquarie alianzisha mwaka 1818 ujenzi wa jengo la mawe la kuunganisha nchi kavu na kisiwa kidogo kilichokuwa mbele yake, ili mlango wa bandari utulie. Waliojenga walikuwa wafungwa waliohamishwa kutoka Uingereza. Kazi ilisimama, ikaanza tena, na ikakamilika mwaka 1846. Leo eneo hilo limeorodheshwa miongoni mwa urithi wa jimbo la New South Wales.

Sababu za kuliorodhesha ndizo zinazotufaa. Gavana hakuwa sababu pekee. Jengo hilo ni kazi ya mikono ya watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa penginepo. Nao wahifadhi waliona kwamba jiwe lililobebwa na mfungwa ni hati kama hati nyingine. Kipimo hicho tunaweza kukitumia kwa tuta lililoshindiliwa kwa miguu ya watu wa Ntuzu, Kanadi au Itilima. Wapo watakaosema kwamba kazi ya mkoloni si urithi wetu. Jibu letu ni kwamba amri ilikuwa ya mkoloni, na jasho lilikuwa la nani? Kuhifadhi tuta kwa jina la waliolijenga ni njia mojawapo ya kurudisha haki ya jasho hilo. Wala hatusemi kila lambo lihifadhiwe. Tunasema yachaguliwe machache yenye historia iliyo wazi, na yatajwe kwa usahihi.

7. Mapendekezo ya istilahi

Taratibu za Baraza hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali zaidi. Kwa njia hiyo tulipata kitivo kutoka Upare na Usambaa, na ngeli kutoka Uhaya. Kwa kufuata utaratibu huo tunapendekeza yafuatayo:

Bwawa: maji yaliyokusanyika mahali pamoja, yawe yamezuiwa na maumbile au na kazi ya binadamu. Neno hili lisitumike peke yake kutaja ukuta.

Lambo: bwawa dogo lililotengenezwa na watu kwa ajili ya kukusanya maji ya mvua au ya mto wa msimu, kwa matumizi ya watu na mifugo. Wingi wake ni malambo.

Tuta la bwawa, tuta la lambo: jengo la udongo ulioshindiliwa linalozuia maji. Likiwa la mawe au saruji liitwe ukuta wa bwawa.

Ngao ya mawe: mawe yaliyopangwa juu ya uso wa tuta unaotazama maji, ili kuukinga na mawimbi.

Utoro wa maji: njia iliyotengenezwa ya kutolea maji yanayozidi. Neno hili limekwisha kuzoeleka miongoni mwa mafundi, na halina haja ya kubadilishwa.

Kivunjamawimbi: jengo lililoingizwa baharini au ziwani ili kutuliza maji yaliyo nyuma yake.

Kikingamkondo: jengo la mawe, magogo au saruji linalotoka ukingoni mwa mto ili kuugeuza au kuuongoza mkondo. Hili ni neno jipya, na linaletwa ili kivunjamawimbi kisilazimishwe kufanya kazi ya mtoni.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii maneno mapya ni machache. Mengi yalikuwapo, mengine katika vinywa vya wachungaji na mengine katika karakana. Kilichokosekana ni mpaka baina ya neno na neno.

8. Hitimisho

Tunawaomba walimu wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza wakusanye kutoka kwa wazee majina ya sehemu za lambo katika Kisukuma: uso wa tuta, mgongo wake, mguu wake, na mahali maji yanapopenyea. Wafasiri wa sheria wanaombwa kulitazama tena neno bwawa kila linapotokea katika kazi zao, na kuuliza kama kinachotajwa ni maji au kizuizi chake. Maafisa wa wilaya wanaombwa, wanapoandika orodha ya malambo yaliyokauka, waweke safu ya pili kwa ajili ya tuta: urefu wake, hali ya mawe yake, hali ya utoro wake, na mwaka wa kujengwa kama unajulikana. Safu hiyo moja yaweza kuwa ndiyo mwanzo wa tangazo la hifadhi. Maoni juu ya istilahi zilizopendekezwa yatapokelewa na kufikishwa mbele ya kamati ya istilahi kabla ya kusanifiwa.